Sindano Ileile, Karatasi Ileile: Kisa cha Bi Mwalimu, Oktoba 2021

Tiketi ilikuwa ya usiku wa Jumamosi, tarehe 9 Oktoba 2021, Nairobi hadi London, kufika Jumapili asubuhi. Abiria ni mwalimu mstaafu wa miaka 63, mkazi wa Mombasa. Hapa nitamwita Bi Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita. Alikuwa anakwenda Leicester kumwona mjukuu wake wa kwanza. Viza anayo, sindano mbili za corona kachomwa, zawadi za mtoto zimeshafungwa. Alinijia Jumatatu ya wiki hiyo na bahasha ya kaki mkononi, maana kazi yangu ni hiyo: najaza fomu za wasafiri, nachapisha, napiga nakala, na mara nyingi nawaeleza watu kwa nini karatasi waliyonayo haitoshi.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu ananiambia eti Uingereza mimi sijachanjwa. Hebu nisomee wewe, huenda ni yeye hakuelewa."

Binti alikuwa ameelewa barabara. Siku hiyohiyo, tarehe 4 Oktoba, England ilikuwa imeanza kutumia kanuni mpya. Nchi ziligawanywa mafungu mawili tu: zilizo kwenye orodha nyekundu, na nyingine zote. Kenya ilikuwa imetolewa kwenye orodha nyekundu tarehe 22 Septemba, kwa hiyo Bi Mwalimu alikuwa na ruhusa ya kuingia. Lakini ndani ya hilo fungu la pili kulikuwa na mlango mwingine: abiria aliyechanjwa na asiyechanjwa. Aliyechanjwa alitakiwa kupimwa mara moja tu, siku ya pili baada ya kufika. Asiyechanjwa alipimwa kabla ya kusafiri, akajitenga nyumbani siku 10, na katikati ya hizo siku akapimwa tena siku ya pili na ya nane, kwa gharama yake.

Na "aliyechanjwa" lilikuwa na tafsiri yake. Chanjo yenyewe iwe imekubaliwa na Waingereza, na iwe imetolewa Uingereza, Ulaya, Marekani au katika nchi chache zilizotajwa kwa majina: Australia, Kanada, Japani, Barbados, Bahrain, Kuwait, Malaysia, Qatar, Saudia na wenzao. Nilimsomea orodha yote, polepole. Bara la Afrika halikuwa na nchi hata moja.

Bi Mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akafungua bahasha akanitolea kadi yake. Ameandikiwa AstraZeneca, mara mbili.

Hapo ndipo kisa hiki kinapoanza kuchoma. AstraZeneca ni chanjo iliyobuniwa Oxford. Shehena ya kwanza kufika Kenya ilitua Nairobi tarehe 3 Machi 2021, dozi zaidi ya milioni moja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, zilizotengenezwa na Serum Institute ya Pune, India, kwa jina la Covishield. Bi Mwalimu alichomwa ya kwanza Aprili, baada ya serikali kufungua milango kwa waliotimiza miaka 58. Ya pili ilichelewa. India ilikuwa inazika watu wake na ikafunga mauzo ya nje, nasi huku tukaambiwa tusubiri wiki 12. Akaipata Julai. Mwisho wa Julai hiyohiyo, Rais Uhuru Kenyatta akiwa ziarani London, Uingereza ikatangaza kuipa Kenya dozi 817,000 za AstraZeneca.

"Kwa hiyo," akasema Bi Mwalimu, "wamepika wao, wamepakua wao, sahani wametuletea wao. Tumekula, sasa wanasema hatujala."

Sijapata kusikia mtu akiieleza kanuni ile vizuri kuliko hivyo, na niliwasikia wengi.

Ili kuelewa hasira yake inabidi kurudi nyuma miezi sita. Tarehe 9 Aprili 2021 Uingereza iliiweka Kenya kwenye orodha nyekundu, pamoja na Pakistani, Bangladeshi na Ufilipino. Tanzania ilikuwa huko tangu Januari, na ilikuja kutolewa tarehe 11 Oktoba. Maana ya wekundu ule ni kwamba asiye raia wala mkazi wa Uingereza hakuruhusiwa kuingia kabisa, na mwenye haki ya kuingia alilazwa hotelini chini ya ulinzi kwa bili ya pauni 1,750 kwa mtu mmoja, ambayo mwezi Agosti ilipanda hadi 2,285. Nairobi ilijibu kwa kuwawekea wanaotoka Uingereza karantini ya siku 14. Mtoto wa Leicester alizaliwa katikati ya mvutano huo. Bibi yake alimwona kwenye simu, na simu zenyewe unazijua: picha inaganda mtoto akipiga chafya.

Basi, ni nini hasa kilichokataliwa? Wengi niliowahudumia wakati ule walidhani ni dawa. Walisema wazungu wana chanjo yao nzuri na sisi tumeletewa makapi. Sivyo. Tarehe 22 Septemba Uingereza iliandika wazi kwamba Covishield ni miongoni mwa aina za AstraZeneca inazozitambua. Ubalozi wake Nairobi na Wizara ya Afya ya Kenya walitoa taarifa ya pamoja kueleza kwamba chanjo zinazotolewa Kenya zinatambuliwa, na kwamba kazi iliyobaki ni ya kutambua vyeti, nayo inahitaji muda. Wahindi waliambiwa lilelile. Balozi wa Uingereza kule Delhi, Alex Ellis, alisema shida haiko kwenye Covishield, iko kwenye cheti. Cheti cha India kilikuwa kinaonyesha umri wa mtu pasipo tarehe kamili ya kuzaliwa, wakakirekebisha.

Kwa hiyo mkono wa Bi Mwalimu ulikuwa umekubaliwa, karatasi yake ndiyo haikukubaliwa. Afisa wa mpakani hana namna ya kuona kilichomo damuni. Anachoweza kuona ni kauli ya serikali nyingine, na lazima aamue kama anaiamini kauli hiyo.

Nitawatendea haki Waingereza kidogo. Kughushi kulikuwepo, na ni nani anayeishi mjini asiyejua hivyo. Nchi inayopokea wageni ina haki ya kuuliza: cheti hiki kinatolewa na nani, kinafananaje, nikitaka kuhakiki naangalia wapi? Tena masharti yao ya karatasi yenyewe hayakuwa ya ajabu. Walitaka jina la kwanza na la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, aina ya chanjo na mtengenezaji wake, tarehe ya kila dozi, na nchi au mamlaka iliyotoa cheti. Siku 14 ziwe zimepita tangu dozi ya mwisho. Lugha iwe Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Hayo yote Kenya iliweza kuyatoa. Tovuti ya Chanjo ya Wizara ya Afya ilikuwa inatoa cheti chenye msimbo wa QR, unakipakua mwenyewe.

Lakini haki yao inaishia hapo, kwa sababu ya jambo moja ambalo kila mtu wa kazi yangu alilijua. Tangu tarehe 2 Agosti, England ilikuwa inawapokea Wamarekani waliochanjwa kwa ile kadi yao nyeupe ya CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa. Ni karatasi ngumu iliyojazwa kwa kalamu ya mkono, haina msimbo, haina picha, na unaweza kuinunua tupu kwenye mitandao. Mwenye nayo aliongeza uthibitisho kwamba ni mkazi wa Marekani, akapita. Cheti cha Nairobi chenye msimbo kikakwama, kadi ya kuandikwa kwa mkono ya Ohio ikapita. Ukishayaweka mawili hayo mezani, hoja ya usalama wa karatasi inapungua uzito sana. Kilichopimwa ni ukaribu wa serikali na serikali.

Mfano wa upande wa pili Bi Mwalimu alikuwa nao mkobani mwake. Ni kile kitabu cha manjano, cheti cha kimataifa cha homa ya manjano, alichokipata alipokwenda Zanzibar kwenye harusi. Kimejazwa kwa kalamu, kina muhuri, sahihi na namba ya toleo la chanjo. Hakina intaneti. Kinaghushiwa miaka nenda miaka rudi, na watu huuziwa mihuri uchochoroni. Hata hivyo kinakubalika kuanzia Namanga hadi Mumbai, kwa kuwa umbo lake limeandikwa ndani ya Kanuni za Afya za Kimataifa, ambazo nchi zote za Shirika la Afya Duniani zimezikubali. Sindano inaanza kuhesabika baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hakuna tena ile habari ya kuisha baada ya miaka 10. Afisa wa uhamiaji wa nchi yoyote anakijua kabla hajakifungua. Kwa corona hapakuwa na kitabu cha namna hiyo. Tena kamati ya dharura ya shirika hilohilo ilikuwa inazishauri nchi zisifanye chanjo ya corona kuwa sharti la kuingia, maana chanjo zenyewe hazijafika kwa wengi. Nchi zikasikiliza, kisha kila moja ikafanya lake.

Na laiti mjukuu angekuwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, kisa kingekuwa kibaya zaidi, maana huko dawa nayo ilikuwa na kesi. Cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya kilianza tarehe 1 Julai 2021. Shirika la dawa la Ulaya lilikuwa limeidhinisha AstraZeneca kwa jina la Vaxzevria, lakini ile ya Pune haikuwa na kibali chao, ingawa Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha tangu Februari. Umoja wa Afrika na kituo chake cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, walilalamika kabla hata mpango haujaanza: chanjo ambayo Ulaya yenyewe imechangia kuinunua kupitia COVAX, itakataliwaje na Ulaya? Nchi moja moja zikaanza kuikubali kwa hiari yake. Lakini kwa upande wa cheti, Wazungu wa Brussels walikuwa na jibu ambalo London haikuwa nalo. Msimbo wao ulibeba sahihi ya kielektroniki ya nchi iliyoutoa. Nchi zilibadilishana funguo za kuhakiki, na simu ya mkaguzi ilijua papo hapo kama cheti ni halali, bila kuulizia taarifa za mtu mahali popote. Nchi ya nje ilipokubali utaratibu huo, iliunganishwa. Moroko iliunganishwa Septemba 2021, Togo Novemba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo uwe wa dunia nzima.

Turudi kwa Bi Mwalimu, ana tiketi ya Jumamosi.

Nilifungua tovuti ya Chanjo nimpakulie cheti. Kikaja na dozi moja tu. Ile ya Julai haimo. Kwenye kadi ipo, na tarehe na sahihi ya muuguzi, lakini mfumo hauijui. Sitaitaja zahanati. Ilivyokuwa ni kwamba siku ile mtandao ulikatika, wakaandika watu kwenye daftari kubwa wakisema watawaingiza kwenye mfumo jioni. Jioni haikufika. Jumanne tulikwenda wote wawili. Karani akavuta daftari, akafuata mstari kwa rula, Julai, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka kidole kikasimama. Jina lipo. Ila aliandikwa majina mawili, na pasipoti ina matatu, la babu likiwa mwisho. Tukamwomba amwandike kama pasipoti inavyosema. Akasema mfumo unafuata kitambulisho. Tukalinganisha kitambulisho: kina yote matatu. Kumbe aliyekata jina la babu ni mtu wa kuandika siku ya kwanza, foleni ikiwa ndefu. Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Kumpata mwenye ruhusa ya kurekebisha kulichukua siku mbili.

Mnisamehe kukaa hapa muda mrefu. Kwa uzoefu wangu, safari nyingi za wakati ule zilikwama kwenye daftari la namna hii kabla hazijafika kwenye siasa za London. Uingereza ingekitambua cheti cha Kenya hata Agosti, bado Bi Mwalimu angefika uwanjani na dozi moja na jina pungufu.

Alhamisi, tarehe 7 Oktoba, cheti sahihi kilitoka kwenye printa yangu. Jioni yake London ikatangaza: vyeti vya nchi nyingine zaidi ya 37 vitatambuliwa, Kenya ikiwemo, pamoja na India, Ghana na Uturuki. Kuanzia Jumatatu tarehe 11 Oktoba, saa kumi alfajiri.

Hesabu ni rahisi na inaudhi. Akitua Jumapili, ni mtu asiyechanjwa: siku 10 ndani, vipimo vitatu, katika safari ya wiki tatu. Akitua Jumatatu, na damu ileile na karatasi ileile, amechanjwa. Kati ya Jumapili na Jumatatu hakuna kilichogunduliwa kwenye maabara yoyote.

Tukabadili tiketi iwe ya usiku wa Jumapili. Tofauti ya nauli alilipa mkwe, na ilikuwa ndogo kuliko vipimo ambavyo angelipia. Mkwe akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Rules change Monday 4am." Usiku wa Jumamosi simu yangu ikalia. Ni dada yake Bi Mwalimu, roho juu. Ndege inatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kanuni inaanza saa nne! Atashikwa kwa saa tatu unusu! Ikabidi niwaeleze kwamba 4am ya Waingereza ni saa kumi alfajiri, saa ileile ambayo kafyu yetu inaisha. Hapo wakaelewa mara moja. Kafyu ilikuwa bado ipo, saa nne usiku hadi saa kumi, mpaka ilipoondolewa siku ya Mashujaa, na hakuna Mkenya aliyehitaji kuonyeshwa saa kumi alfajiri iko wapi.

Fomu ya abiria tuliijaza ndani ya saa 48 za mwisho kama ilivyotakiwa. Pale palikuwa na kisanduku cha namba ya kipimo cha siku ya pili, ambacho ilikuwa lazima uwe umekilipia kabla. Wengi walidhani kuchanjwa kunafuta kipimo hicho, wakazuiwa kaunta. Yeye alikuwa nacho.

Kaunta ya Nairobi ndiyo ilikuwa mahakama yenyewe. Shirika la ndege ndilo lenye jukumu la kukagua, na likikosea linatozwa, kwa hiyo karani wake ni mkali kuliko afisa yeyote wa serikali. Huyu alikuwa kijana mpole mwenye karatasi ya kanuni iliyochapishwa Ijumaa na nyingine iliyochapishwa kabla yake, zinapingana. Alikisoma cheti mbele na nyuma. Akauliza mbona namba iliyopo si ya pasipoti. Bi Mwalimu akamjibu kwa sauti ya darasani kwamba hiyo ni ya kitambulisho, na kwamba hakuna kanuni inayotaka namba ya pasipoti, asome tena aya ile. Kijana akasoma tena. Akaenda kumwita mkubwa wake. Dakika ishirini. Wakampa pasi yake ya kupandia.

London, asubuhi ya Jumatatu, afisa alichukua pasipoti, akamuuliza anakwenda kumtembelea nani na atakaa muda gani. Bi Mwalimu alikuwa ameshakishika cheti mkononi, amekikunjua, anangoja kuulizwa. Hakuulizwa. Akagongewa muhuri.

"Niliona aibu kukirudisha mkobani," aliniambia baadaye. "Nikabaki nimekishika mpaka kwenye mizigo."

Alirudi Mombasa mwanzoni mwa Novemba, wiki chache kabla ya Omicron, aina mpya ya kirusi cha corona, kuwarudisha watu wote kwenye kupimwa kabla ya kusafiri, waliochanjwa na wasiochanjwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupeleka ile kadi ya zahanati kwa mpiga picha ikafunikwa plastiki, isije ikaloa. Mwaka uliofuata, dozi ya nyongeza ilipofika, alikwenda nayo. Muuguzi akaigeuza huku na huku, kalamu hewani, akitafuta pa kuandika.